Kabla ukate kijana mshahara, angalia mfuko wako kwanza

Miaka minne iliyopita nilisimamisha dada wa kaunta yangu mbele ya wabebaji sita na wateja wawili nikamwambia arudishe shilingi 7,400 zangu zilizokosekana kwa droo. Stoo yangu ya viazi iko hapa Nakuru, si mbali na soko la Wakulima, na Jumamosi asubuhi huwa kumejaa, kwa hivyo vile nilipaza sauti kila mtu alisikia, hadi mama wa chai upande ule mwingine wa barabara. Msichana alisema tu "bosi mimi sijachukua" akarudi kuhesabu magunia. Mwisho wa mwezi nikamkata pesa yote, nikajiona mkubwa kweli kweli.

Wiki tatu baadaye natafuta kwa simu ujumbe wa karo juu shule walikuwa wanasema sijamaliza, napata ujumbe wa M-Pesa wa Alhamisi jioni, siku mbili kabla ya ile Jumamosi: nimeweka 7,400 kwa ajenti na dakika mbili baadaye nimetuma shule. Ni mimi. Nilifungua droo, nikachukua, nikaenda zangu, nikasahau kabisa. Nilikaa ndani ya pikapu kama robo saa, sijui hata niwashe injini ama nishuke.

Wazo la kwanza lilikuwa nimrudishie kimya kimya nijifanye ni bonasi. Niliambia mke wangu hivyo, akaniangalia akasema, "Ulimwaibisha sokoni, unataka kumwomba msamaha jikoni?" Basi Jumamosi iliyofuata, saa ile ile, nikaita wabebaji wote na hata yule mama wa chai, nikasema pesa nilichukua mimi, huyu hakuiba. Jasho lilinitoka. Nilimpa pesa yake, na nilikuwa natarajia alie ama aniambie asante, lakini alisema kitu kimoja tu: "Sawa bosi. Lakini kuanzia leo na wewe uandike."

Juu unajua kitabu cha droo kilikuwepo siku zote. Mbebaji akichukua mia ya chakula anaandika, dereva akichukua ya mafuta anaandika. Mtu mmoja tu kwa hio stoo alikuwa anachukua bila kuandika, na ndiye alikuwa anaita wengine wezi.

Watu wakiongea juu ya bosi mzuri husema sijui awe mwaminifu, awe na utu, asikilize watu wake. Sipingi. Lakini hayo yote mtu anaweza kujipatia mwenyewe kichwani, hata mimi siku ile nilijiona mwaminifu. Swali langu saa hii ni moja, hio sheria umewekea watu wako, inakupima na wewe? Kama haikupimi hio ni kamba umefunga wengine tu.

Mimi sasa najilipa mshahara, una tarehe na kiasi, na nikiingia droo kabla ya tarehe inaandikwa kama advansi ya mtu yeyote. Ukiwa na biashara ndogo anza na hapo, kabla hata ya kutafuta mhasibu. Na usiite mtu mwizi mbele ya wengine kabla upige hesabu yote, hadi ya simu yako.

Pia nilikuja kujua nilikuwa nimevunja sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 haikubali ukate mtu kwa sababu droo imepungua na wewe umekasirika. Upungufu wa pesa unakatwa ukiwa umetokana na uzembe ama udanganyifu wake, na mkataba wake uwe unasema ni yeye ameaminiwa kushika pesa. Hata ukikata kihalali, makato yote pamoja yasipite theluthi mbili ya mshahara. Na ukitaka kumfuta kazi kwa makosa ya tabia lazima umweleze kosa kwa lugha anaelewa, akiwa na mwenzake kama shahidi, na umsikilize. Hakuna mtu alikuwa ameniambia hayo, ama niseme ukweli, sikuwa nimeuliza.

NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya) ni hivyo hivyo. Ukishakata hio pesa si yako, usiizungushe kununua mzigo ukisema utalipa lori likifika. Mtu wako atajua siku ameenda hospitali akaambiwa mwajiri hajalipa.

Sasa kubwa zaidi. Baada ya ule msamaha, mzee mmoja wa kubeba aliniuliza tukinywa chai, "Bosi, na lumbesa?" Nikanyamaza. Kama wewe ni wa huku unajua. Mkulima kule Molo ama Kuresoi analipwa kwa gunia, lakini hilo gunia limeshonewa wavu juu hadi limekuwa na nundu kama ya ng'ombe, hiyo ndiyo lumbesa. Nimewahi kuweka moja kwa mizani ikasoma kilo 118. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisipite kilo 50. Mimi shambani nilikuwa nanunua kwa macho, halafu hapa mjini nauza kwa kilo, na mizani yangu ina muhuri safi wa serikali, hakuna mtu angenishika. Na wanaojaza hayo magunia, wanaoyabeba na migongo yao, ni hao hao nilikuwa nawaambia waheshimu droo yangu.

Nilianza kubeba mizani hadi shambani, nalipa kwa kilo. Sitawadanganya, msimu wa kwanza uliniunguza. Mabroka walipita na lori zao wakalipa taslimu, wateja wangu wawili wa chipsi, wale wa kununua gunia zima, wakahama juu walikuwa wamezoea nundu, na wakulima wengine walishuku mizani zaidi ya vile walishuku lumbesa. Mmoja alipanda juu yake mwenyewe apime kama inasema ukweli, akashuka hajaridhika. Bado nanunua kidogo kuliko zamani. Lakini naweza kutuma kijana peke yake Mau Narok na pesa ya mzigo mzima nikalala, na zamani ilikuwa lazima niende mwenyewe.

Yule dada alishaondoka, ana duka lake la nafaka mtaa wa Free Area. Nilipita huko mwezi jana, mtoto wake akataka soda, dada mwenyewe akatoa hamsini kwa droo, akavuta kitabu akaandika jina lake mwenyewe kabla ampe. Nikanunua gorogoro mbili za mahindi nikitarajia angalau anitolee kumi kumi. Aliniuzia bei ya kila mtu.