Kwa nini si "big rain"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naongoza wageni hapa Tukuyu, hasa kuwapandisha Ziwa Ngosi. Juzi usiku nilimtumia mgeni mmoja ujumbe: "Tomorrow big rain. The road to the lake will slide." Akajibu palepale kwamba tuahirishe. Mwenzangu alipousoma ule ujumbe akanicheka, eti inaandikwa "heavy rain". Mvua ina uzito gani? Na kama "big" haifai, kwa nini isiwe "strong", mbona upepo ni "strong wind"? Ndaga fijo.

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, ila kicheko angekiacha. Kisarufi "big rain" haina tatizo, na aliyeisoma aliielewa. Kilichokosekana ni mazoea. Sikio la Mwingereza limezoea kusikia "rain" ikiandamana na "heavy", kama letu lilivyozoea simu kupigwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikwambia "nimetengeneza simu kwa mama", si utamuuliza iliharibika nini? Kumbe maskini kabeba "make a call" ya kwao neno kwa neno. Wewe nawe umebeba "mvua kubwa" ya kwetu. Mmepishana njiani tu, kila mmoja na mzigo wake.

Wanaisimu huita uandamano huu kolokesheni. J. R. Firth wa Uingereza aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wenzake linaotembea nao. Mwaka 1966 M. A. K. Halliday akatoa mfano ambao nyie wa Rungwe mtaupenda, kwa kuwa ni wa chai: chai ni "strong tea", haiwi "powerful tea", gari lenye nguvu ni "powerful car", haliwi "strong car". Maana zinakaribiana kabisa, lakini kila jina lina mwenzake.

Turudi kwenye uzito wako. Hiyo "heavy" haihitaji mizani. Inasema kitu kimezidi kiasi: "heavy traffic" ni foleni ya Mwanjelwa jioni, "heavy smoker" ni yule anayemaliza pakiti kabla ya jua kuzama. Ndiyo maana manyunyu ni "light rain", na kwa kitenzi utasema "it rained heavily". "Strong" hupenda kwenda na kinachosukuma, kama upepo au mkondo wa maji. Usiifanye sheria lakini, kwa sababu chai haisukumi mtu.

Tahadhari: ukishaipenda "heavy" usiipachike kila penye "zito". Mzigo mzito ni "heavy load", sawa. Uji mzito je? "Thick porridge". Ukungu mzito, ule wa Mufindi unaofanya dereva awashe taa saa nne asubuhi, kwa kawaida ni "thick fog" au "dense fog". Usingizi mzito ni "deep sleep", halafu, kwa ukaidi wa lugha, mtu mwenye usingizi huo ni "heavy sleeper". Hapo hata mimi sina maelezo; nilikariri.

Neno "kali" ndilo balaa zaidi. Kahawa kali ni "strong coffee", kisu kikali "sharp knife", mbwa mkali "fierce dog", na baridi kali ya Makete mwezi wa saba ni "bitter cold". Kwetu neno moja, kwao manne. Kwa hiyo kwenye daftari lako usiandike "kali = strong". Andika jina na sifa yake pamoja, jozi nzima, na ukifungua kamusi anza na jina: tafuta "rain" uone inaandamana na nini, usianzie kwenye "big".

Jambo moja la kazi yako, ingawa hukuuliza. Naona waongozaji wengi wakiwaandikia wageni "the long rains" na "the short rains". Jozi hizo ni sahihi, lakini ni za masika na vuli, za kule pwani na kaskazini. Huku nyanda za juu kusini tuna msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na Tukuyu hata Mei inaweza isitoshe. Andika "the rainy season".

Ujumbe wako ungekaa hivi: "Heavy rain is expected tomorrow. The path to the lake will be slippery." Nimeondoa "road" kwa sababu kule msituni mnapita kwa miguu. Na "will slide" nimeitoa kwa haraka zaidi kuliko "big rain". Wewe ulimaanisha utelezi, lakini barabara "ikislide" kwa Kiingereza, ni yenyewe inayoporomoka kwenda bondeni. Nadhani ndiyo maana mgeni wako hakubishana.