Rafiki yangu mchapishaji asema nina deni lake. Ni kweli?

SWALI: Assalamu alaikum mwalimu. Mimi ni mkulima wa minazi hapa Siyu, kisiwani Pate, na ni mtunzi. Miaka mitatu nyuma rafiki yangu wa Malindi alinichapishia diwani, nakala 1,000, bei shilingi 500. Tulipatana kwa mdomo tugawane faida nusu kwa nusu. Kila nilipokwama alinitumia pesa kwa simu, jumla 45,000. Humo mna 10,000 alizonitunza kwa arusi ya binti yangu. Sasa ameleta hesabu: zimeuzwa nakala 620, nami nina deni lake la 31,750. Asema nitie sahihi kumpa mashairi yote, deni life. Nifanyeje, na urafiki wetu siutaki uvunjike?

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Usitie sahihi.

Nimeipitia karatasi uliyoipiga picha. Nakala 620 kwa shilingi 500 ni 310,000. Maduka yamekata asilimia 35, yaani 108,500, zikabaki 201,500. Ukitoa 175,000 za uhariri, upangaji wa kurasa na uchapaji, faida ni 26,500, na nusu yako ni 13,250. Ameikata katika zile 45,000, ndipo akapata deni la 31,750. Kujumlisha na kutoa hakukukosewa. Lakini tazama: gharama ya nakala zote 1,000 wamebebeshwa wasomaji 620 wa kwanza. Zile 380 zilizobaki ghalani zimekwisha kulipiwa. Zikiuzwa zote kwa masharti yayo hayo zitaleta 123,500, na katika hizo 61,750 ni zako. Hesabu aliyokuletea ni ya jahazi ambalo bado liko njiani.

Pesa ya arusi ni tunzo, haiingii katika daftari la kitabu. Itoe. Zinabaki 35,000, na hapo ndipo urafiki ulipowaponza nyote wawili, maana hakuna aliyetamka kama ni mkopo au malipo ya awali. Mkopo hulipwa kutoka mfukoni. Malipo ya awali, kwa desturi ya kazi yetu, hukatwa polepole katika fungu lako kadiri kitabu kinavyouzwa. Rudi kwenye simu usome alichoandika kila alipotuma.

Mkulima mwenzio wa Uingereza, John Clare wa kijiji cha Helpston, yalimfika hayo hayo. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1820 na kikavuma mno. Mchapishaji wake, John Taylor wa London, alikuwa rafiki wa kweli: alimhariri, akamtafutia wafadhili, wakaandikiana miaka mingi. Lakini hesabu kamili hazikumfikia hadi 1829. Alipozisoma alikuta pauni 20 zimeandikwa kama bei ya kuuziwa mashairi yake. Akaandika pembeni kwamba hakuwahi kuyauza kwa bei yoyote, na kwamba alichopewa kilikuwa sehemu ya faida itakayokuja. Akauliza pia mbona aliambiwa zimechapwa nakala 5,000, na hesabu inaonyesha 4,000 tu. Simwoni Taylor kuwa mwizi, na rafiki yako vilevile simdhanii. Naumia kwa ile miaka tisa ya kutoulizana.

Sasa sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inataka uhamisho wa hakimiliki uwe wa maandishi na wenye sahihi. Mapatano yenu ya mdomo yalimpa ruhusa ya kuchapa tu. Mashairi bado ni yako, na baada yako ni ya warithi wako kwa miaka 50. Ukitia sahihi leo, siku redio ikitaka utenzi wako ughaniwe, au mhariri wa vitabu vya shule akitaka beti zako, wewe hutaombwa ruhusa wala hutalipwa. Yote hayo kwa deni ambalo ukitoa ile tunzo ni 21,750, na nakala za ghalani zinaweza kulifuta zikakubakishia 40,000!

Huenda akakwambia basi muhamie kwenye mrabaha wa asilimia 10, yaani fungu la mtunzi katika bei ya kila nakala iuzwayo. Kwa toleo jipya, lifikirie: mrabaha haujali gharama, na hesabu yake hata mtoto wa darasa la tano ataifuata. Kwa hizi 380 ukatae. Mrabaha utakupa shilingi 50 kwa nakala, mapatano yenu ya sasa yanakupa 162 na senti 50.

Nenda Malindi mwenyewe, mambo haya hayafai kwa simu. Mwambie unavyomthamini, kwa sababu ni kweli, kisha muandike ukurasa mmoja: nusu kwa nusu, tunzo imetolewa, 35,000 zikatwe katika mauzo, ruhusa ni ya nakala hizi 1,000 tu, hesabu kila miezi sita. Mtie sahihi nyote mbele ya mashahidi wawili. Na kabla ya kalamu kugusa karatasi, omba uione stakabadhi ya mpigachapa yenye idadi ya nakala zilizochapwa, kisha muingie ghalani mzihesabu pamoja zilizobaki.