Muulize kwanza alichokula

Wadogo zangu mlioanza zamu za kliniki ya tiba ya jadi ya Kichina hapa Guangzhou, nimewatazama wiki hii nikacheka, kisha nikakasirika. Mgonjwa hajakaa sawasawa, mmeshamtangazia upungufu wa qi, yaani nguvu ya uhai, ya wengu. Haya, someni.

1. Cun, kipimo chetu cha kutafutia pahali pa sindano, hupimwa kwa mwili wa mgonjwa. Ukitumia vidole vyako wewe wa futi sita kwa bibi mfupi, Zusanli, ile nukta ya chini ya goti, utaikosa.

2. Mzizi wa fuzi utangulie chunguni na uchemke sana, la sivyo ni sumu ya moyo. Bohe, yaani mnanaa, iingie mwishoni. Mwandikieni mgonjwa, ya mdomoni atayasahau kwenye lifti.

3. Kutazama, kusikiliza na kunusa, kuuliza, kupapasa. Ni njia nne, nyinyi mnaishia kwenye ulimi. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Alikuja bibi mmoja analalamika hapati usingizi. Akatoa ulimi: utando mweusi kuanzia katikati hadi kwenye shina. Tumefundishwa kuwa weusi huo ni joto lililopindukia au baridi iliyopindukia, na yote mawili ni mabaya. Mapigo sikuyashika. Swali sikuuliza. Nikawaita wenzangu waje kushuhudia, nikaanza kuhutubia juu ya yin ya figo, ule upande wa ubaridi na unyevu, iliyokauka. Kichina changu bibi alikipata nusunusu, lakini nyuso zetu alizisoma zote. Mikono ikamtetemeka, akaanza kumpigia simu mwanawe.

Mwalimu akaingia, akautazama ulimi, akalitazama shavu. "Njiani ulikuwa unakula nini?" Bibi akafungua mkoba, akatoa pakiti ya huamei, zile plamu kavu za sukari na chumvi. Kokwa moja ilikuwa bado shavuni! Akapewa maji asukutue, na ugonjwa wangu wote ukamwagika kwenye sinki. Ulimi uliobaki ulikuwa na ncha nyekundu tu, moto wa moyo, jambo ambalo hata nyinyi mngelitambua. Mwalimu hakunigombeza. Alinisubirisha mpaka mwana afike, ndipo nikamwomba bibi radhi mbele yake, kwa Kichina kile kile.

4. Aliyepanda ngazi mbio apumzike kabla hamjamshika mapigo. Hilo si joto, ni ngazi.

5. Mkirudi likizo nyumbani, msimtumie Tu Youyou, mwanasayansi wa dawa ya malaria, kama kitambulisho. Ndiyo, maandishi ya tabibu wa kale Ge Hong yalimpa fununu ya kutokuichemsha mimea ya qinghao, na artemisinini, dawa iliyotoka humo, ikampatia Nobel mwaka 2015. Lakini dawa ile ilipitia maabara na majaribio kwa wagonjwa. Guan mutong, mmea mwingine wa dawa, nayo ilikuwa ikiandikwa na madaktari wetu, ikaharibu figo za watu, na China yenyewe ikaipiga marufuku mwaka 2003. Shangazi akiwaletea mzizi wa sokoni akauliza kama ni "kama ule wa Wachina", semeni hamuujui.

6. Hesabuni sindano mnapozitoa. Jana moja ya Baihui, nukta ya utosini, ilibaki kwenye nywele za mzee, na aliyeiona ni mkewe, wakiwa tayari kwenye basi.