Injini ikichemka usiimwagie maji, mimi nilishalipia

Mkuu, hilo dumu lishushe kwanza ndiyo tuongee. Umesema piki yako ya cc 150 inachemka ukitoka Moshi kwenda Same, wenzako wa kijiweni wamekwambia uwe unasimama Mwanga unamwagia bloku maji, halafu ukauliza oili gani. Nilipofika hapo kwenye maji nikaacha kula.

Huo ujinga nimeufanya mimi. Ilikuwa Februari, jua la saa nane, nimetoka Chekereni na gunia la mpunga pamoja na mama mwenye gunia, napandisha Kibosho. Ukishaacha mjini ni mlima tu, gia ya pili, unatambaa, upepo wa kupooza injini hakuna. Piki ikaanza kukosa nguvu, harufu kama sufuria lililosahauliwa jikoni. Nikasimama kando ya mfereji. Fundi wangu alishaniambia, tena kwa kujiamini, kwamba injini ni kama panga la mhunzi, ukilitia maji ndiyo linakuwa gumu. Basi na mimi mhunzi nikachota na kopo la rangi. Maji ya mifereji ya kule unayajua, yanatoka mlimani, ukinawa uso usingizi wote unakwisha.

Kopo la kwanza, chwaaa, mvuke. La pili nikasikia "tik", kama glasi iliyomiminiwa chai ya moto. Yule mama akauliza, "Baba, hiyo nini?" Nikamjibu injini inashukuru. Ndiyo, cheka tu. Kupiga kiki, haishuki. Nikaipanda kwa uzito wangu wote, ni kama nimesimama juu ya jiwe.

Bloku lilikuwa limesinyaa ghafla wakati pistoni ndani bado imevimba kwa moto, likaikaba. Tulipofungua, pistoni imechubuka ubavu mzima na bloku lina ufa mwembamba kama unywele. Bloku, pistoni, ringi, gasketi na ufundi: 210,000. Siku 11 piki iko juu ya mawe, na tajiri mwenye piki hajui habari za mfereji, anataka hesabu yake ya 8,000 kila jioni. Weka 88,000 nyingine hapo.

Na aliyefungua ni fundi yule yule! Eti ananiuliza, "Kwani ulimwaga mengi?" Nusura spana iruke. Kilichonimaliza ni pale alipolegeza nati ya oili: ilitoka oili isiyojaza chupa ya soda, kwenye injini inayotaka kama lita nzima. Wiki tatu nyuma aliiweka yeye kwa mkono wake, ile ya kupima kutoka kwenye dumu. Kumbe siku zote nalaumu jua la Chekereni, na injini inakauka kimya kimya.

Piki hizi hazina rejeta. Zinapozwa na upepo na oili, basi. Kwa hiyo ikichemka ZIMA, usiiache inaunguruma imesimama, maana hapo upepo haupo. Kaa kivulini hadi uweze kulaza kiganja kwenye bloku bila kukiondoa, nusu saa au zaidi. Ndipo usimamishe stendi kubwa mahali tambarare, uchomoe stiki ya kupimia oili, uifute, uirudishe, usome. Oili iwe kati ya ile mistari miwili. Ikiwa chini ya mstari wa chini, umeshapata jibu lako na hujamwaga tone la maji. Mimi sasa hivi napima kila asubuhi kabla sijapiga mswaki, mke wangu ananiona nimerogwa.

Oili nunua kopo lililofungwa, 20W-50 (huo ndio uzito wake) yenye maandishi ya JASO MA, alama ya oili ya pikipiki, maana ya magari inaweza kukutelezeshea klachi. Matope kwenye mapezi ya bloku, yale mabapa membamba ya kutolea moto, yakwangue asubuhi ikiwa ya baridi, na kama umefunga kipande cha bango mbele kuzuia matope, kitoe, kinaziba upepo.

Fundi akikuletea habari za mhunzi, mwambie akajaribu kwenye piki yake. Dumu libebe tu, Same kuna jua, utakunywa wewe.