Maharaj, Diwali bila fataki ni mkosi kweli?

SWALI: Jai Shri Krishna Maharaj. Mimi nimeolewa Upanga hapa Dar, tunakaa na wakwe zangu ghorofa ya tatu. Mtoto wetu ana miaka sita na ana pumu, Diwali iliyopita tulimalizia usiku hospitali sababu ya moshi wa fataki walizowasha uani kwetu. Mwaka huu nimesema tuwashe taa tu na tufanye puja, yaani ibada ya nyumbani, baba mkwe amekasirika, anasema Diwali ya kimya ni mkosi, kelele ndo inafukuza ubaya na bila fataki Lakshmi Mata, mungu mama wa neema na mali, hapiti mlangoni, na anasema imeandikwa kwenye vitabu. Sitaki kumkosea mzee na sitaki mtoto aumwe tena. Dini inasemaje?

JIBU: Jai Shri Krishna binti yangu. Pole sana kwa usiku ule. Nimesoma swali lako mara mbili na nimeumia, maana wewe unaogopa kumkosea Mungu kwa kumlinda mtoto, na hilo halitakiwi likukae moyoni hata siku moja.

Nianze na jibu lenyewe. Fataki sio wajibu wa Diwali. Hakuna puja inayoharibika kwa kukosa fataki, hakuna mkosi, wala hakuna andiko linalosema Lakshmi Mata anaitwa kwa mlipuko. Usiku ule unatakiwa nyumba iwe safi, taa ziwake, puja ifanyike na watu wa nyumbani wawe wamepatana. Hata jina lenyewe Dipavali maana yake ni safu ya taa. Shri Ram, mfalme tunayemkumbuka siku hii, aliporudi mji wake wa Ayodhya baada ya miaka 14 ya msituni watu walimpokea kwa taa, baruti zilikuwa bado hazijulikani, zilikuja kugunduliwa China na zikafika India karne nyingi baadae, kwahiyo anayesema fataki ndo asili ya Diwali anachukua kitu kilichokuja nyuma anakiweka mbele.

Lakini baba mkwe wako hajatunga, na hapa naomba umsikilize kwa heshima. Kuna maneno kwenye Skanda Purana, moja ya vitabu vyetu vya kale, yanayosema siku hizi watu washike ulka mkononi wawaoneshe mababu njia, na wapo wanaotafsiri ulka kuwa ni fataki. Ulka ni kijinga cha moto, mwenge. Mwenge kazi yake ni kumulika mtu aone anapokwenda, na moshi mzito unafanya kinyume chake kabisa. Alafu hao mababu tunaowamulikia njia ni wa nani? Ni wa huyo huyo mtoto. Sidhani kama kuna babu yeyote huko aliko anayefurahi kumulikiwa njia huku kitukuu chake kimewekewa mashine ya oksijeni. Kwahiyo mwambie mzee hivi, ulka yako ipo na ni haki yako, chukua taa ya udongo, iweke barazani ielekee kusini maana ndo upande wa mababu, taja majina yao mmoja mmoja mjukuu akiwa pembeni anasikiliza. Hayo majina mtoto atayakumbuka mpaka uzeeni.

Sasa kuhusu kelele kufukuza ubaya. Binti yangu, ile sloka, beti la sala tunayosema kila jioni tukiwasha taa, wewe mwenyewe umeijua toka mdogo, shubham karoti kalyanam, arogyam dhana sampada. Tunaisema haraka haraka mpaka hatuisikii tena. Tunaomba heri, tunaomba arogyam yaani afya, alafu ndo tunaomba dhana, mali. Angalia mpangilio wake, afya imetangulia mali. Na mstari unaofuata unasema shatru buddhi vinashaya, hiyo nia ya uadui iangamizwe, na kinachoiangamiza hapo ni mwanga wa taa, mlipuko haujatajwa popote. Mtu anawasha diya, taa yetu ndogo ya udongo, anaomba afya kwa mdomo, dakika tano baadae anawasha kitu kinachomnyang'anya pumzi mtoto wa jirani, hapo mkono umekanusha kile mdomo ulichoomba. Mie siwezi kuita hiyo ni ibada, nasema kwa uchungu kwasababu na mimi nilikuwa kijana nikawasha sana na hakuna mtu aliyenieleza.

Rangi zile nzuri tunazoziona angani ni madini yanaungua, kijani ni bariamu, nyekundu ni strontiamu, bluu ni shaba, yakishaungua yanashuka kama vumbi laini mno ambalo pua haiwezi kulizuia, linaenda moja kwa moja kwenye mapafu, na kwenye ua uliozungukwa na maghorofa kama Upanga halina pa kutokea. India wenyewe wameliona hili. Mwaka 2015 ilifunguliwa kesi Mahakama ya Juu kwa niaba ya watoto wachanga watatu wa Delhi, baba zao ndo walienda kuwasemea, na Oktoba 2018 mahakama ikaamua zibaki fataki zenye moshi na kelele kidogo tu, tena ziwashwe saa 2 mpaka saa 4 usiku peke yake. Ni kweli hewa ya Delhi inachafuliwa pia na magari na mabua yanayochomwa mashambani, sio Diwali peke yake, lakini hilo halitupi ruhusa ya kuongeza. Na huko Tamil Nadu kuna kijiji kinaitwa Kollukudipatti, kipo jirani na hifadhi ya ndege ya Vettangudi, wanakijiji wameacha kuwasha fataki miaka mingi sana ili ndege wanaokuja kutaga wasikimbie. Watu wa kijijini, wanafanya Diwali kila mwaka, na Lakshmi hajawahi kuwakimbia.

Hapa Dar kuna jambo lingine ambalo sisi jamii yetu huwa hatuliongei. Mwaka mmoja baada ya aarti, sala ya kuzungusha taa, vijana wakawasha yale makubwa ya mfululizo, nikamtafuta mlinzi wetu simuoni, nikamkuta nyuma ya tenki la maji amejikunyata anatetemeka. Ni mtu mzima ana wajukuu. Alikuwa Gongo la Mboto usiku wa tarehe 16 Februari 2011 mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka. Na Mbagala nao yaliwakuta Aprili 2009. Yaani huu mji una watu wengi sana ambao mlipuko kwao sio sherehe, na ndo hao wanaotulindia mageti na kutupikia, na usiku ule hatuwaulizi. Toka siku ile mimi nimeacha, na nimewaomba vijana waache.

Na kesho yake, kwenye Govardhan puja na Annakut, ibada ya mlima Govardhan na sadaka ya vyakula, tunakumbuka nini? Krishna aliwaambia watu wa Vraj, huko alikokulia, waache kumtolea sadaka Indra, mungu wa mvua, kwa hofu, wauheshimu mlima unaowapa majani ya ng'ombe na maji. Usiku tunajaza moshi na makaratasi barabarani alafu asubuhi tunaabudu mlima, hapo pana kasoro. Kwenye kitabu chetu cha Gita sura ya 9 Bhagwan, yaani Krishna, anasema mwenye kunipa jani, ua, tunda au maji kwa mapenzi, napokea. Jani tu! Kwahiyo toran, pambo la mlangoni, tengeneza ya majani ya mwembe na maua halisi, ya plastiki achana nayo. Rangoli, michoro ya sakafuni, chora kwa unga wa mchele na manjano kama bibi zetu walivyofanya, sisimizi nao wanapata chakula. Mithai, vitamu vyetu vya sikukuu, usipange kwenye vibox vya plastiki, sahani ya chuma inatosha na jirani atairudisha, na mara nyingi hairudi tupu. Maua ya puja yakishanyauka zika kwenye chungu cha tulsi, ule mmea wetu mtakatifu, msiende kuyamwaga baharini yakiwa kwenye mfuko.

Taa nazo zina hatari yake, usije ukaacha fataki alafu ukaungua kwa diya. Ziweke kwenye sinia la chuma au bati, mbali na pazia, na kama kuna upepo wa baharini usiziweke dirishani. Siku hiyo vaa pamba. Sari za nailoni na poliesta zikishika moto zinayeyuka zinagandia kwenye ngozi, nimeshaenda kumuona mama mmoja hospitali, mtandio wake uligusa taa wakati anainama kupanga nyingine. Mtandio ufunge kiunoni. Mkienda kulala zima zote, hata ile ya kwenye mandir, sehemu ya ibada ya nyumbani, kama hakuna atakayekesha nayo, Mata haoni vibaya, unaweza kuacha ya umeme ya LED iwake mpaka asubuhi na usirundike nyaya zote kwenye ekstensheni moja. Ndoo ya mchanga na ya maji ziwe karibu. Na vile vijiti vya cheche ambavyo tunawapa watoto tukidhani havina neno, moto wake unapita nyuzi 1,000, usimpe mtoto.

Mtu akiungua toa bangili na pete haraka, weka sehemu iliyoungua kwenye maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, dawa ya meno hapana, samli hapana, alafu hospitali. Inhela ya mtoto iwe mfukoni mwako jioni nzima, na funga madirisha kuanzia magharibi maana majirani wengine watawasha tu.

Kuhusu mzee, usishindane nae mbele ya watu na wala usimpelekee haya maandishi kama hati ya mahakama. Mwache mumeo ndo aongee, ni baba yake. Mpeni yeye heshima ya kuwasha diya ya kwanza na aichague mwenyewe sloka. Kama bado roho yake inataka kuona fataki, aende sehemu ya wazi ambapo jamii imeomba kibali na wanawasha watu wazima wanaojua kazi hiyo, na mtoto abaki nyumbani na wewe.

Mwaka huu Diwali ni Jumapili tarehe 8 Novemba 2026. Kabla ya hapo mwambie baba mkwe nimemuomba aje siku yoyote baada ya aarti ya jioni, aje na hilo andiko lake la ulka, tutalisoma pamoja na chai.