Kama una mbwa jike tayari, usilete jike mwingine

Usimlete. Kama hujatuma hela, usitume. Kama umeshatuma, mwambie muuzaji akubadilishie akupe dume. Mengine tutaongea baadaye.

Mkuu, unasema uko Lindi, una jike wa miaka miwili anayelinda vizuri, msimu wa korosho unakaribia na wezi nao wanajiandaa, ndiyo maana unataka kuagiza mtoto wa mbwa jike kutoka Masasi. Muuzaji amekuhakikishia kwamba majike ni watulivu, hawazururi, na watakaa kama dada na mdogo wake. Halafu ukauliza ukubwa wa banda, chakula, chanjo, na kama mkubwa atamfundisha mdogo kazi. Hayo maneno ya muuzaji niliwahi kuambiwa mimi hapa Mtwara, karibu neno kwa neno, na nilipoyaona kwenye uzi wako mkono ulinitetemeka.

Watu wengi tunaamini wagomvi ni madume. Njiani ni kweli, madume wanatishana na kufukuzana, hasa panapokuwa na jike mwenye joto, yaani aliye tayari kupandwa. Lakini ndani ya ua mmoja, majike wawili ndio hatari zaidi. Madume mara nyingi hupiga kelele nyingi, mmoja akashusha mkia, yakaisha. Majike wakishachukiana hawapigani ili mmoja akubali. Wanapigana ili mwenzake asiwepo, na kesho wanaanzia pale pale walipoachia jana. Kuna madaktari wa mifugo wa Marekani walitoa utafiti mwaka 2011 kuhusu mbwa wanaopigana nyumba moja. Katika jozi 38 walizozichunguza, 30 zilikuwa za jinsia moja. Na mara nyingi mwanzilishi alikuwa mdogo aliyekuja nyuma, siyo mwenyeji. Soma hapo tena, mkuu: huyo mtoto unayemuonea huruma ndiye atakayekuja kudai nyumba.

Kinachodanganya ni kwamba mwanzoni hakuna shida yoyote. Mbwa mkubwa humvumilia mtoto. Mtoto anamng'ata masikio, anamlalia, anamnyang'anya mfupa, mkubwa ananyamaza. Unapiga picha, unaweka status, watu wanakusifu. Kisha mdogo anapata joto lake la kwanza, kati ya miezi sita na mwaka, na kuanzia hapo hadi kwenye miaka miwili au mitatu akili yake inakomaa. Hapo ndipo anapoanza kumpima mwenzake. Muuzaji wakati huo hela yako ameshaila na namba amebadilisha.

Mimi mkubwa alikuwa Rozi, mbwa wa kienyeji mwekundu, hajawahi kumgusa kuku wa mtu. Mdogo tulimwita Chausiku. Dalili zilikuwepo na hakuna aliyetuambia kwamba ni dalili. Chausiku alikuwa anasimama mlangoni mwa banda, Rozi anashindwa kupita. Alikuwa anaweka kidevu juu ya mabega ya Rozi, mkia umekakamaa. Walikuwa wanakodoleana macho bila kutoa sauti. Ukiona mbwa wawili wamekakamaa na wako kimya, hapo hakuna mchezo, watenganishe.

Pambano la kwanza lilitokea getini. Bodaboda ilipita na magunia, wote wawili wakakimbilia geti kubweka, na kwa ule mzuka wakageukiana wenyewe kwa wenyewe. Tukawamwagia maji, wakaachana. Nikampigia muuzaji aliyeniuzia Chausiku. Akacheka, akasema, "Waache wamalizane, wakishajua nani mkubwa wataishi kwa amani."

Hilo ndilo neno lililonigharimu kuliko yote, na ndilo hasa lililonifanya nikae chini kuandika. Kununua jike wa pili bado kungerekebishika. Ningejenga ukuta, ningempeleka kwa ndugu, wote wawili wangekuwa hai leo. Lakini "waache wamalizane" ni ushauri wa kuua. Mbwa wa jinsia moja wakipigana hadi damu hawapangani vyeo, wanazidi kufundishana chuki. Kila pambano linafanya linalofuata lianze haraka zaidi na kwa sababu ndogo zaidi. Safari ya kwanza inahitaji bodaboda na kelele, baadaye inatosha mmoja kuitwa jina ukampapasa yeye kwanza.

Tukawarudisha pamoja kama tulivyoelekezwa. Jioni moja mke wangu akawawekea vichwa vya samaki na ugali wa dona, sahani mbili, lakini karibu karibu. Chausiku alimaliza cha kwake akamfuata Rozi. Shemeji yangu akaingiza mkono katikati kuwaamua, akang'atwa kiganja hadi mfupani, na sijui hata ni nani kati yao aliyemng'ata, maana mbwa aliyeko kwenye pambano hajui mkono ni wa nani. Rozi alitoka na sikio limechanika na vidonda vya shingoni. Tulishughulika na sikio kwa sababu ndilo lililokuwa linavuja damu. Shingoni kulikuwa na vitundu vidogo tu, manyoya yakavifunika.

Hapa naomba kila mfugaji asome. Jino la mbwa linaacha tundu dogo juu na kuchana nyama kwa chini. Ngozi inajifunga, uchafu unabaki ndani, usaha unajikusanya. Usiangalie damu, mnyoe manyoya utafute vitundu, na mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo hata kama mbwa anakula na kutembea. Rozi alikula na kutembea. Daktari alipokuja uvimbe ulikuwa umeshuka hadi kifuani na homa imempanda. Akampasua, akamsafisha, akamchoma sindano. Hakupona. Mtakaocheka kwamba mtu mzima anamlilia mbwa, chekeni, ila mbwa yule alilala nje ya mlango wangu misimu yote ya korosho na hakuna gunia lililowahi kupotea.

Chausiku yuko Newala kwa binamu yangu, na dume mmoja. Wanalala banda moja, hawajawahi hata kuoneshana meno. Kwa hiyo usiniambie alikuwa mbwa mbaya. Alikuwa jike kwenye nyumba ya jike mwenzake, basi.

Na yule muuzaji wangu simsamehi. Huku kwetu kila anayetafuta mlinzi anataka dume, kwa hiyo majike wanamdodea. Badala ya kusema ukweli anatunga hadithi ya udada. Mtu anayeuza viumbe hai anatakiwa akuulize kwanza: nyumbani kwako kuna nani? Asiyeuliza hivyo huyo ni mchuuzi tu, na shauri lake likome kwenye bei.

Sasa kuna mdau hapo juu ameandika kwamba ana majike wawili na wanaishi vizuri. Namuuliza, mdogo ana umri gani? Kama hajafika miaka miwili, bado. Wapo wanaoishi kwa amani hadi uzee, sikatai, na hata mama na binti yake wapo wanaoelewana na wapo wanaotoana roho. Ila wewe huwezi kujua mapema wa kwako watakuwa upande gani, na gharama ya kukosea anailipa mbwa uliyemlea.

Kanuni yangu ni moja: mbwa wa pili awe wa jinsia nyingine. Una jike, leta dume. Una dume, leta jike. Utaniambia watazaana. Ndiyo, kwa hiyo mmoja ahasiwe au afungwe kizazi, ongea na daktari wa mifugo wa wilaya. Dume aliyehasiwa anabweka na kulinda kama kawaida, na mara nyingi hatoroki kufuata majike wa mtaani. Lakini usimfunge kizazi jike ukidhani ndiyo dawa ya majike wawili ambao tayari wanachukiana. Kwa wengi haisaidii.

Kama mtoto ameshafika nyumbani wakati unasoma hapa, basi jenga ukuta au uzio wa mabati kati yao kabla hajakomaa. Chakula wapewe mbali mbali. Wasiachwe pamoja hata dakika moja bila mtu, na mmoja akiingia joto mlango ufungwe kabisa, hizo ni kama wiki tatu, mara mbili kwa mwaka. Wakishikana, usitie mkono. Mwaga ndoo ya maji, au sukuma bati au ubao katikati yao. Mkiwa wawili, kila mtu amvute mbwa wake miguu ya nyuma kurudi nyuma. Na mtu aking'atwa, hata na mbwa wenu wenyewe, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Shemeji alimaliza sindano zake zote, na ninyi mzimalize.

Chanjo ya kichaa ni kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka, wa kwako wa sasa kama hajachanjwa mpeleke kesho. Ya banda na chakula wadau wengine watakujibu.

Wewe mpigie huyo wa Masasi umuulize kama kwenye uzao huo kuna dume amebaki. Akisema wameisha, subiri uzao mwingine. Jike uliye naye anakutosha kwa msimu huu.