Geuza gunia usome nyuma

Pole dadangu, nimekuelewa, papi wako (mtoto wa mbwa) wa miezi 4 anaharisha na kujikuna tangu umnunulie chakula kipya cha gunia na hayo majina ya viungo yanakuchanganya. Achana na picha ya nyama pale mbele. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kizito zaidi, kwa hivyo cha kwanza kiwe nyama au samaki aliyetajwa jina, kuku, ng'ombe, omena, sio "mazao ya wanyama" tu. Lakini nyama mbichi ni maji karibu asilimia 70, so kuku akitangulia halafu mahindi, pumba na mchele zifuate, hapo kwa sehemu kubwa unanunua nafaka. Protini ya papi isishuke chini ya asilimia 22 na gunia liseme ni la mbwa wanaokua.

Kile naogopa sana ni chakula cha kupimiwa kwa kilo kutoka gunia wazi, mahindi yakiingia unyevu yanaota kuvu na ile sumu ya aflatoksini inaharibu ini na huwezi kuiona kwa macho, mimi nilizika mbwa wangu hivyo. Nunua lililofungwa, lenye tarehe.

Ukibadilisha changanya polepole siku 7 hadi 10. Akiharisha damu, akitapika, akikataa kula ama ufizi ukiwa manjano, usingoje kesho, mpeleke kwa vet, hata kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete wanatibu mbwa. Na chanjo ya pavo, ule ugonjwa wa virusi wa mbwa, alimaliza? Ugonjwa huo pia humfanya mbwa aharishe vibaya.